Mkanda wa Ngozi na Mafuta ya Kondoo

Tulikuwa watu watano. Majina yao ninayo yote kichwani, na majina ya baba zao pia, lakini mjukuu anayenisomea karatasi hizi ameniambia niyaache, kwa sababu wengine wameacha watoto na hao watoto hawakuulizwa. Basi nitawataja kwa uhusiano wao nami.

Wa kwanza ni mzee wangu. Alikuwa seremala wa misheni, Mluhya wa upande wa Kakamega, aliyefika Lodwar akiwa kijana na kusema atakaa mwaka mmoja. Wa pili ni mimi, mke wake, Mturkana, niliyesoma mpaka darasa la tatu halafu nikaingia jikoni kwa misheni. Wa tatu ni mama yangu mzazi. Wa nne ni mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama. Wa tano ni mwendesha jenereta, mtu wa Lokitaung, ambaye mama yake na bibi yangu walikuwa watoto wa baba mmoja, kwa hiyo nilimwita mjomba ingawa tulikuwa karibu rika moja. Kulikuwa na mwalimu mkuu wa shule ya wasichana pia, lakini yeye alionekana mwanzoni na mwishoni tu.

Mahali ni Kakuma. Siku hizi ukisema Kakuma watu wanafikiria kambi ya wakimbizi. Katika miaka ya sabini kambi haikuwapo. Kulikuwa na mto Tarach, ambao muda mwingi ni mchanga, maduka machache, misheni, zahanati, na shule iliyokuwa imejengewa bweni la wasichana. Mzee wangu alitumwa kutoka Lodwar aje kutengeneza vitanda vya bweni hilo, nami nikaja naye. Tulipanda lori moja na mbao za Kitale na mashine yake.

Mashine ilikuwa msumeno wa umeme, ule wa mezani. Meza ya chuma, jisu la mviringo limechomoza katikati, mota chini, na kutoka kwenye mota mkanda mpana wa ngozi unapanda kwenda kuzungusha jisu. Ilikuwa kuukuu hata wakati huo. Mzee wangu aliipangusa kila jioni kabla ya kunawa uso wake mwenyewe.

Mwaka uliotangulia wasichana walikuwa wamelala chini, na mmoja akaumwa na nge. Hakufa, lakini alilia mpaka mji mzima ukasikia, na wazazi wengine wakaja kuchukua watoto wao. Basi mwalimu mkuu akatangaza kwamba safari hii ni kila msichana na kitanda chake, na asiye na kitanda hapokelewi. Habari hiyo ilimfikia baba yangu bomani. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akichunga mbuzi, na baba alikuwa amekubali aende shule kwa sababu mama alimsumbua muda mrefu, si kwa sababu alipenda.

"Mpeleke," alimwambia mama. "Wakisema hakuna nafasi, rudi naye. Mbuzi hawajui mambo ya vitanda."

Mama alimfahamu mumewe. Alijua akirudi na mtoto mara hiyo, hatapewa ruhusa nyingine. Mimi pia nilijua. Ndiyo sababu alikuja mapema, kabla shule haijafunguliwa, akakaa kwetu na mtoto akingojea kitanda kwa macho yake.

Hapa lazima nieleze jambo la kwao mzee wangu. Kwa Waluhya, mtu na mama mkwe wake hawakutani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na wakielekeana njiani mmoja anaingia vichakani. Kwetu pia mkwe anaheshimiwa, lakini si kwa kukimbia. Mara ya kwanza mama kumwona mzee wangu akiruka ua wa karakana ili kumkwepa, aliniuliza kama mume wangu ana ugonjwa. Nilipomweleza, alifikiri kidogo.

"Basi ana adabu," akasema. "Lakini mwambie asivunjike miguu."

Wakapata utaratibu wao bila kuupanga. Mama alipenda kukaa karakanani asubuhi, kwa sababu palikuwa na kivuli na vumbi la mbao lilikuwa laini chini yake. Akikaribia mlango, anakohoa. Mzee wangu akisikia kikohozi anatokea mlango wa nyuma, anakwenda kibanda cha jenereta kunywa chai na mjomba. Mama akichoka kukaa, anaondoka, na mtoto anatumwa kusema, "Shemeji, njia iko wazi." Mjomba alikuwa na maneno yake juu ya hayo.

"Fundi, umefukuzwa tena?"

"Sijafukuzwa. Nimetoka."

"Huku kwetu mtu anakimbia fisi. Wewe unakimbia mama mzee mwenye shanga."

"Fisi sijamwoa binti yake," mzee wangu akamjibu, akammiminia chai nyingine.

Kazi ilikwenda hivyo mpaka vitanda vilipokuwa kama nusu. Halafu siku moja mashine ikaanza kulia vibaya, mlio wa chuma kukwaruza chuma, na jisu likawa linatikisika. Mzee wangu akapaza sauti jenereta izimwe. Alisema mchanga umeingia kwenye beringi, zile pete za golori, na kama akiendelea kukata, shafti, mhimili wa jisu, italika na hapo hakuna dawa. Akatandika gunia chini, akaifungua yote. Jisu lile, puli zile za kupitishia mkanda, shafti, akavipanga hapo; bolti akazitia kwenye mkebe wa maziwa ya unga, beringi akazichovya kwenye mafuta ya taa ndani ya sufuria.

"Hiyo ni sufuria yangu," nikamwambia.

"Itarudi."

"Itarudi na harufu yake."

"Ugali wako unahitaji harufu," akasema, na mjomba akacheka kwa nguvu kuliko ilivyostahili.

Mkanda wa ngozi aliutundika kwenye msumari, nje ya mlango, usije ukalowa mafuta ya taa. Asubuhi iliyofuata mama akaja, akakohoa, mzee wangu akatoka. Kilichofuata tulikuja kukijua baadaye, lakini nakiandika hapa mahali pake ili msomaji asipotee. Mama aliutazama ule mkanda. Ulikuwa umepigwa na jua la Kakuma, umekauka, umeanza kujikunja pembeni. Kwetu ngozi haiachwi hivyo. Nguo ya ngozi, kamba, ndala, kibuyu cha maziwa, mwili wa mtoto, vyote vinapakwa mafuta, na mwanamke anayeacha ngozi ikapasuka anasemwa. Mama alikuwa amekuja na mafuta ya mkia wa kondoo kwenye kibuyu kidogo. Akaupaka mkanda mbele na nyuma, akausugua kwa kiganja mpaka ukalegea na kung'aa, akautundika tena. Alifanya hivyo kama mtu anayefagia penye uchafu, hakuona haja ya kumwambia mtu.

Mzee wangu aliporudisha vyuma vyote mahali pake, alifunga mkanda na kumwambia mjomba awashe. Mota ikazunguka vizuri, jisu likazunguka, ule mlio mbaya umekwisha. Akasogeza ubao. Jisu likaingia kidogo tu, likasimama. Mota chini inaendelea kuzunguka, jisu limesimama kwenye ubao kama mtu aliyegoma. Akautoa ubao, jisu likazunguka tena. Akausogeza, likasimama tena. Mkanda ulikuwa unateleza juu ya puli.

Alizima akaugusa, akatazama vidole vyake vinavyong'aa. Hapo ndipo alipopotea, na simlaumu, kwa sababu hata mimi ningepotea. Alikuwa ametia grisi mpya kwenye beringi siku hiyo hiyo. Akaona mafuta kwenye mkanda, akasema grisi inavuja. Akaupangusa mkanda kwa kitambaa, akafungua tena mashine yote, akatafuta mahali inapovujia, hakuona, akapunguza grisi, akafunga.

Kumbe mafuta yalikuwa yameshaingia ndani ya ngozi. Mkanda ukizunguka kidogo ukapata joto, mafuta yanatoka nje kama jasho. Akajaribu, ukateleza. Akautundika mkanda msumarini, akafungua mara nyingine. Na mama asubuhi akija anakuta mkanda umepanguswa, umefifia, anaona hawa watu hawajui kutunza kitu, anaupaka tena.

Hivyo ndivyo walivyokwenda. Yeye anapangusa, mama anapaka. Mmoja akiingia mwingine anatoka, na kila mmoja akaona kazi yake inaharibika, asijue mwenzake anafanya nini. Mzee wangu akaanza kunyamaza wakati wa kula. Alikata mbao kwa msumeno wa mkono, na mkono ukavimba, na kitanda kimoja kikachukua muda wa vitanda kadhaa.

Mjomba alisaidia kwa njia yake. Alikuja akainama karibu na mashine, akanusa.

"Fundi, mashine yako inanukia nyama."

"Ni mbao zinaungua."

"Mbao za Kitale zinanukia kondoo?"

"Wewe una njaa tu," mzee wangu akamwambia.

Mdogo wangu hakuuliza kitu. Alikwenda kila siku bwenini kuchungulia dirishani, akirudi anamwambia mama kwa Kiturkana ni vitanda vingapi vimeingia, na mama anamnyamazisha, kwa sababu hakupenda vitu vya maana vihesabiwe kwa sauti. Nilimwona mama ameanza kukusanya vitu vyake pembeni. Hakuvifunga, alivisogeza tu karibu karibu. Nikamuuliza.

"Sijafunga kitu," akasema. "Natazama tu kama vinatosha mgongo mmoja."

Siku aliyosema ukweli wenyewe alikuwa amekasirika. Niko nje napepeta, akaja na kile kibuyu kidogo, akakipindua mbele yangu, hakuna kilichodondoka.

"Mwambie mume wako aache kufuta mafuta yangu," akasema. "Kondoo mmoja ana mkia mmoja. Nimeupaka ule ukanda wake mpaka kibuyu kimekauka, na kila nikirudi ameufuta. Kama hataki, aseme kupitia kwako. Adabu gani hiyo ya kukimbia watu na kufuta kazi yao?"

Niliacha ungo pale pale. Mzee wangu alikuwa kwenye kibanda cha jenereta. Nilimwambia. Mjomba alianza kucheka, kisha akautazama uso wa fundi akaacha. Baadaye sana mzee wangu akasema, kwa sauti ya chini, "Amefanya makusudi?"

"Makusudi ya nini?"

"Hapendi mtoto akae. Anataka arudi naye kwa mbuzi. Muulize."

Sikutaka kuuliza. Lakini yeye hawezi kuuliza, na swali lilikuwa limeshatoka. Nikarudi kwa mama, nikamweleza kwanza kwamba ule mkanda hautakiwi kuwa laini wala kuteleza, unatakiwa kushika, na kwamba mafuta ndiyo yamezuia vitanda. Halafu nikamuuliza alivyosema mzee wangu, neno kwa neno.

Mama aliutazama mkono wake, ule wa kupakia.

"Ningetaka kurudi naye, ningekuja kufanya nini?" akasema. "Ningekaa nyumbani." Halafu akauliza, "Ukanda uko wapi?"

Nilimletea. Akaukunja, akaunusa, akaniambia niende kwa mume wangu nimwambie hivi: ngozi iliyokunywa mafuta haifutwi, inanyonywa. Mtu akimwaga maziwa au mafuta kwenye ngozi ya kulalia, anaizika. Alitaka jivu kavu, jingi, lililochekechwa. Nikaenda nikasema. Mzee wangu akasema nimwambie kwamba vumbi la mbao pia linanyonya, na lipo kwa magunia. Nikarudi nikasema. Mama akasema lilete. Tukawa hivyo, mimi katikati, mpaka miguu ikaniuma nikawaambia wote wawili nimechoka. Basi mzee wangu akaja akasimama nyuma ya ua wa matawi, upande wa pili, ameelekea kwingine kabisa, mama upande huu ameelekea mtoni, na kila mmoja akawa anasema na mimi kwa sauti ambayo mwingine anaisikia. Yeye kwa Kiswahili, mama kwa Kiturkana, nami natafsiri.

"Mwambie mkwe wangu," mama akasema, "jua likipanda tutaupeleka mchangani Tarach, mchanga ukiwa moto."

"Mwambie mama asiuzike na kokoto. Kokoto zitaingia kwenye ngozi."

"Anadhani nilizaliwa jana."

Hilo sikulitafsiri, lakini nilimwona mzee wangu ametabasamu. Kiturkana alikuwa ameshajifunza zaidi ya alivyokuwa akisema.

Tuliuzika. Mama alichimba kwa mikono, akatandaza jivu na vumbi la mbao, akalaza mkanda, akaufunika tena kwa jivu na vumbi, juu yake mchanga wa moto. Mdogo wangu akakaa hapo kufukuza mbwa, maana harufu ile iliwafikia. Jivu likilowa, mama analitupa, anaweka jingine. Jivu la jikoni kwangu likaisha, tukaomba kwa majirani, na kila mwanamke aliyeleta akauliza kuna nini kimezikwa, na mama akawajibu kwamba ni ukanda wa mkwe wake, na hakueleza zaidi. Nadhani wapo waliopeleka habari nyingine kabisa nyumbani kwao.

Mkanda ulitoka mkavu, wa rangi ya kijivu, sura mbaya. Mzee wangu aliusugua kwa brashi ya waya, akaomba chaki kutoka shuleni, akaipaka upande wa ndani ili ushike puli. Akaufunga. Akamwambia mjomba awashe, akasogeza ubao. Jisu likaingia, likaendelea, likatokea upande wa pili. Alikata wa pili, na wa tatu. Mama alikuwa amesimama mbali, karibu na zahanati, amejitanda shuka. Aliposikia mlio haukatiki, aliondoka akaenda kuteka maji.

Siku zilizobaki zilikuwa chache. Mbao hazikupigwa randa tena, hakukuwa na wakati, zilikatwa na kugongewa misumari hivyo hivyo na magamba yake. Vitanda vya mwisho vilikuwa vibaya kwa macho. Wasichana wengine walichomwa na vibanzi mpaka muhula ukaisha.

Siku ya kufungua, mwalimu mkuu alisimama mlangoni mwa bweni. Wasichana wanaingia, kila mmoja anaoneshwa kitanda chake. Ilipofika zamu ya mdogo wangu, mwalimu mkuu akatazama ndani, akamgeukia mama.

"Huyu kitanda chake kiko wapi?"

Mimi nikamjibu kwamba kinagongwa. Na kweli kilikuwa kinagongwa, ndani humo humo, kwenye kona. Nyundo ilisikika.

"Nitangoja," mwalimu mkuu akasema.

Mama naye alingoja, lakini nje, kwa sababu fundi alikuwa ndani. Hakuweza kuingia kuona kitanda chenyewe alichokifuata safari yote ile. Alikaa chini ya ukuta, mtoto pembeni yake, vitu vyake mbele yake tayari kwa njia yoyote itakayokuwa. Nyundo ikanyamaza. Mzee wangu akatokea dirishani, upande wa nyuma, kwa sababu mlangoni kulikuwa na mama mkwe. Wasichana walicheka. Mwalimu mkuu hakuelewa, akaniuliza kama yule fundi anaiba kitu.

Mama akaingia. Alikibonyeza kitanda kwa mikono miwili, akakitikisa, akalala juu yake na shanga zake zote, akatazama dari. Alisema kiko juu sana kutoka chini, mtoto ataanguka. Halafu akashuka, akampaka mdogo wangu mate kidogo kifuani, kama tunavyobariki, akatoka.

Hakulala Kakuma siku hiyo. Alichukua vitu vyake, vikatosha mgongo mmoja, akaenda. Mwaka huo ni yeye aliyechunga mbuzi. Baba hakuwa na mtu mwingine wa kumpa, na mama hakuwa tayari kuombwa arudishe mtoto. Alipokuja kututembelea tena Lodwar, miguu yake ilikuwa imepasuka visigino kama ya mtoto wa machungani. Mzee wangu aliniletea mafuta kutoka dukani, akasema, "Mpe mama." Hakutaja ya nini. Mama akapokea, akanusa, akasema ya duka hayana nguvu, lakini akapaka.

Mdogo wangu alimaliza darasa la saba hapo, akaendelea kwingine.

Hayo ndiyo ninayokumbuka. Mdogo wangu anasema kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha, nami nakiona kwenye kona ya mlango. Mjomba, kabla hajafariki, alishikilia kwamba mama alipaka mkanda mara mbili tu, mimi nasema ni zaidi, kwa sababu kibuyu kiliisha. Sina hakika pia kama chaki iliombwa na mzee wangu au lilikuwa wazo la mwalimu mkuu. Wewe uliyelala bweni lile, au ambaye mama yako alileta jivu siku ile, ukiona nimekosea, nirekebishe ningali nasikia.